Mgeni Aliyeuliza Habari za Twyla

Hazel Branch, Kentucky
Oktoba 19, 1986

Mwanangu Twyla,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara ya kwanza peke yangu na mara ya pili kwa sauti, maana Bibi Icy toka dirishani kwake alimwona mtu wa posta akisimama kwangu, akaja nyuma yake kama paka anayefuata samaki. Sisi wazima. Goti langu linatabiri mvua na bado halijakosea. Wewe je, unakula? Shangazi yako Verna ni mtu mwema sana, ila hupika kama anakiadhibu chakula.

Sasa hiki chuo. Umeandika kwamba Aldersby hawafundishi kazi, wanafundisha elimu pana. Mtu anasoma nyota, mashairi, vita vya zamani na hesabu, halafu anajijua. Nilipofika hapo Icy akaniuliza, "Akishajijua, atalipwa na nani?" Nikamwambia sijui, mimi niliacha shule darasa la sita, niulize habari za kukausha tufaha. Akasema, "Mwulize huyo mtoto kama hapa hajijui. Mimi nikimwona toka darajani nasema, yule Twyla. Na sijasomea."

Tulicheka. Alipokwenda zake nikaitafuta Massachusetts, kilipo hicho chuo, kwenye ramani iliyo nyuma ya kalenda, na kiganja changu hakikutosha kutoka hapa hadi pale. Usinielewe vibaya. Nisingekupeleka Lexington umalizie shule huko kama ningetaka ubaki hapa ushone mashati kiwandani kama mimi. Nataka uende. Na kila nikitaka hivyo nakuogopea. Yote mawili ni kweli.

Unasema wanataka insha ya kuwaeleza wewe ni nani. Andika habari za mafuriko. Ulikuwa na miaka saba, maji yakaingia jikoni, baba yako akakupandisha juu ya meza, na meza ikaelea ikatoka mlangoni nawe juu yake, umemkumbatia kuku mwekundu unamwambia asiogope. Nani mwingine ana habari kama hiyo? Baba yako alikudaka kwenye uzio wa kina Napier. Mpaka siku ya mwisho alipoingia mgodini alikuwa anakuita Nahodha.

Vaa soksi.

Mama yako


Lexington
Oktoba 27, 1986

Mama yangu mpendwa,

Matufaha makavu uliyotuma yamefika nasi tumeyamaliza kabla hayajaonja maji. Mimi mzima, usingizi tu haunitoshi. Shangazi anakusalimu, na lile la chakula amelisikia, kwa sababu nilikuwa namsomea na sikuliona likija. Anasema uje upike wewe.

Mwambie Icy chuo chenyewe ni kidogo kuliko shule yangu ya hapa. Mnakaa meza moja na mwalimu, mmesoma kitabu kimoja, mnabishana mpaka kengele. Mama, maisha yangu yote watu wameniuliza nitaolewa na nani au nitafanya kazi wapi. Nataka mara moja niwe mahali ambapo mimi ndiye ninayeuliza. Nataka kwenda huko kuliko ninavyojua kusema, na wanachukua wachache sana.

Insha nimeiandika, ya meza na kuku. Bwana Abernathy, mwalimu wa ushauri, aliisoma akainuka akaenda dirishani, akakaa huko kidogo.

Jambo moja. Wana desturi yao: mtu aliyesoma pale zamani na anayeishi karibu na mwombaji humwita au humtembelea waongee, kisha hupeleka neno chuoni. Neno lake lina uzito. Mimi niliandika anwani ya nyumbani. Basi mtu akipita hapo, mpokee vizuri, na tafadhali usimwambie nilikuwa nakojoa kitandani hadi darasa la pili.

Binti yako,
Twyla


Hazel Branch
Novemba 2, 1986

Mwanangu Twyla,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako. Mimi nina mafua kidogo, au nadhani ni mafua. Mtu wa chuo amekuja.

Kwanza nikuambie nilichofanya, na usinikasirikie. Siku ya mwisho ya Oktoba niliandaa meza ya kimya. Unaijua kwa kusikia. Unapika na kuandaa bila kutamka neno, unatembea kinyumenyume, unaweka keki kwanza na mkate mwisho, unaacha kiti kimoja wazi. Atakayekuja kukikalia ndiye anayekungoja mbele. Bibi yangu alimwona babu hivyo kabla hawajakutana. Wasichana huulizia mume. Mimi nilitaka kuulizia chuo. Nikasema nikimwona mtu ameshika kitabu nitajua utapata, nami nitapumua. Kwa desturi hufanywa usiku wa manane, lakini unanijua, saa hizo mimi nakoroma. Nikaandaa kabla giza halijaingia.

Nilikuwa narudi kinyumenyume na sufuria ya maharage. Kugeuka, mtu ameketi. Mama wa makamo, koti la kijivu la kitambaa kizuri, nywele zimefungwa nyuma. Mvua ilikuwa inanyesha toka asubuhi na viatu vyake vilikuwa vikavu. Rufus hakubweka. Aliingia chini ya sakafu ya nyumba, na hadi leo namwekea chakula huko huko.

Anayekuja mezani hasemeshwi, hata akikutazama. Najua, nimefundishwa. Lakini Twyla, mtu amekaa mezani kwangu, mbele ya chakula, nami nimtazame tu kama gogo? Mdomo ulisema wenyewe, "Karibu ule, mama, ni kidogo lakini ni chako." Hapo hapo nikaikumbuka barua yako, moyo ukatua. Kumbe ni yule wa chuo.

Nikamwuliza, "Umetoka Aldersby?"

Akasema, "Natoka huko anakotaka kwenda."

Sauti yake nimeifikiria sana. Si ya milimani, si ya mjini, si ya kaskazini. Haina kwao. Akasema, "Niambie habari zake." Nikamsimulia mafuriko, yote, na kuku na uzio. Nilisimulia vizuri, ungejivunia. Alisikiliza kama mtu mwenye kiu anavyokunywa. Kijiko hakukigusa. Mwishoni akasema, "Kwa leo inatosha. Atasogea." Nikainama kuchukua kikombe chake nimpe kahawa ya moto, kuinuka hayupo.

Nilipoonja maharage hayakuwa na ladha yoyote. Si chumvi, si moshi wa nyama. Nimeyamwaga. Ndiyo maana nasema mafua.

Je, nilifanya vizuri?

Mama yako


Lexington
Novemba 10, 1986

Mama mpendwa,

Umepona mafua? Hapa tu wazima, namshukuru Mungu, ila kuna mambo mawili siyaelewi, na nitayasema moja moja.

La kwanza. Mtu wa chuo anaitwa Bibi Pruitt, mke wa daktari wa meno, na anaishi hapa hapa Lexington. Alinialika kwake Jumamosi, tukanywa chai kwenye vikombe vyembamba kama ganda la yai. Nilimwuliza kama alifika Hazel Branch. Alisema hajawahi kuvuka mto kuelekea milimani maisha yake yote. Na hakuna mwingine aliyetumwa. Mama, ni nani aliyekuja?

La pili. Bibi Pruitt alikuwa amepewa insha yangu na Bwana Abernathy, akaniambia, "Nisimulie ile ya kuku." Nikamwuliza kuku gani. Alicheka, akadhani namtania. Nilipofika nyumbani nikaisoma insha. Ni mwandiko wangu, na makosa yangu ya nukta. Ni habari nzuri. Lakini ni kama nasoma habari za mtoto wa watu. Najua kulikuwa na mafuriko kwa sababu kila mtu anajua. Mimi juu ya meza, hapana. Nimefumba macho nikamtafuta huyo kuku, hakuna hata unyoya.

Na sasa la ajabu zaidi. Bibi Pruitt alinipenda. Niliongea naye bila kutetemeka, maneno yalikuwa yanatoka yamenyooka. Wakati wa kuniaga alinishika mkono akasema, "Unaongea kama mtu aliyezaliwa popote pale." Alikuwa ananisifu. Shangazi Verna yeye anasema nimeanza kuongea kama redio, na ananiomba niache.

Huyo mgeni wako usimfungulie tena kabla hatujajua ni nani.

Twyla wako


Hazel Branch
Novemba 23, 1986

Twyla, mtoto wangu,

Sina hali ya kuuliza hali. Maji yalifunika daraja na posta haikupita wiki nzima, na barua yako nimeipata jana, nimeshachelewa.

Alirudi Jumapili mchana. Sikuandaa meza wala chochote, nilikuwa natunga vipande vya matufaha kwenye uzi nikaushe, nikainua macho, ameketi kwenye kiti kile kile. Mimi bado nilidhani ni wa chuo, nikafurahi, nikasema moyoni wamempenda mtoto ndiyo maana wamemrudisha. Akasema, "Amesogea. Niambie zaidi." Nikampa ya baba yako. Alivyokuwa anakubeba mabegani mkatazame treni ya makaa, na wewe unaipigia saluti. Wimbo aliokuwa anauimba akinyoa ndevu. Halafu nikampa hata ile ya siku mgodi ulipomchukua, ulivyokaa mlangoni pa shimo na kopo lake la chakula mapajani mpaka likapoa, ukakataa mtu yeyote alifungue. Sijawahi kumwambia mtu hiyo. Yeye aliitaka, nami nilitaka wakuchukue.

Jana baada ya kusoma barua yako nilikimbia kwa Icy na aproni mwilini. Nikamweleza. Akaniuliza swali moja tu, "Ulimsemesha?"

Nikasema, "Nilimkaribisha chakula."

Icy akakaa chini. "Orlena, wewe ungemkaribisha shetani uji kama angepita hapa. Aliyekuja kwenye meza ya kimya ni wa kuonwa. Ukimsemesha umemfanya mgeni, na mgeni hurudi. Na habari unayomlisha kwa mdomo wako, mwenye habari hanayo tena."

"Nifanye nini sasa?"

"Nyamaza. Umeweza lini kunyamaza wewe? Leo anza."

Niandikie haraka. Baba yako, unamkumbuka?

Mama yako


Lexington
Desemba 1, 1986

Mama,

Sisi wazima wa mwili.

Kuna picha ukutani kwa Shangazi, juu ya friji, mwanamume mwenye kofia ya taa. Juzi asubuhi nikamwuliza, "Huyu nani?" Alikuwa ameshika sahani. Aliiweka chini polepole, akaenda chumbani akafunga mlango. Nilimsikia analia kupitia ukuta. Najua nilikuwa na baba kama ninavyojua kwamba kulikuwa na wafalme. Siumii, Mama. Hapo ndipo penye hofu. Ninajua ningepaswa kuumia, nami nimekaa namenya chungwa.

Na chuo kinasogea kweli. Bwana Abernathy ameniita ofisini, amepigiwa simu kutoka Aldersby. Wanaulizia lini nitatuma maombi kamili, jambo wasilofanyia mtu. Mwisho ni siku ya kwanza ya Januari. Naweza kuacha. Karatasi zote ziko kwenye droo, naweza kuziacha humo.

Ila nitakuambia kweli, maana sijawahi kukudanganya: bado nataka kwenda. Nikijua yote haya, bado nataka. Sijui kama ni mimi ninayetaka au ni nafasi iliyobaki wazi ndani yangu.

Usimwambie kitu tena, nakuomba.

Binti yako,
Twyla


Hazel Branch
Desemba 14, 1986

Mwanangu mpenzi,

Umeamkaje huko? Hapa theluji imeshika milima na Rufus bado hataki kutoka. Mimi niko sawa. Keti usome polepole.

Nilinyamaza, Twyla. Mgeni yule alikuwa anakuja kila mchana, nami namenya viazi kana kwamba kiti ni kitupu. Icy angenipa medali. Juzi akaongea yeye. Akasema, "Yuko kizingitini. Kimebaki kitu kimoja kinachomvuta nyuma: kuna mtu anamngoja. Niambie habari za huyo, naye ataingia."

Nikamwelewa. Anataka mimi nimsimulie mimi, ili unisahau.

Nikavunja kimya. Nikamwuliza, "Nisipokuambia?"

"Atabaki kizingitini. Huko si wake, hapa si wake. Nilivyokula sivirudishi bure."

Nimekuona, mwanangu, katika barua yako, umekaa unamenya chungwa. Hicho ndicho kizingiti. Siwezi kukuacha hapo. Lakini pia siwezi kukutuma duniani huna mama wala baba wala kuku, kama mtu aliyeangushwa na mawingu. Nikamaliza kumenya kiazi. Halafu nikamwambia, "Mama, kila habari ya mtoto ina pande mbili. Upo wa aliyebebwa, na upo wa aliyebeba. Wewe umekula upande wa mtoto tu. Wa kwangu ni mkubwa. Una miezi tisa zaidi."

Kwa mara ya kwanza akachukua kijiko.

Tumekubaliana. Nampa ya upande wangu, moja moja, na kwa kila moja anakurudishia yako. Nikimaliza, mlango wa Aldersby uko wazi nawe unaingia mzima. Nimemwapisha kwa jina la mama yake, akasema hana, nikamwapisha kwa njaa yake, akakubali.

Usiandike kunibembeleza. Barua yako ikifika nitakuwa nimeshaanza. Nimekuwa na hofu kwa ajili yako tangu ulipokuwa ukubwa wa punje ya mahindi, na hofu hiyo haikuwahi kukusaidia hata siku moja. Huu ndio wakati wa kuifanyia kazi. Tuma hizo karatasi.

Mama yako anayekupenda


Lexington
Desemba 18, 1986

Mama, acha. Sitaki chuo. Naacha, umesikia? Mwambie umebadilisha mawazo.

Jana asubuhi nilikuwa napiga mswaki, kuku akarudi. Alikuwa amelowa, ananuka vumbi na mahindi, na moyo wake unadunda kwenye mkono wangu. Nikasikia sauti ya Baba kwenye uzio. Nililia mpaka Shangazi akadhani kuna msiba, nikamwambia ndiyo, upo, nimeupata leo. Kisha nikatambua maana yake nini kuwa amerudi.

Nakuja na basi la mkesha wa Krismasi. Mpaka nifike, usimwambie neno.

Twyla wako


Hazel Branch
Desemba 21, 1986

Twyla mpendwa,

Natumaini hujambo. Nimeandika "Mama yako" hapo chini kwanza, kabla ya kuandika haya, ili lisije likanipotea njiani.

Barua yako nimeipata. Inazungumzia kuku. Nadhani nilimpa hiyo mapema, kwa sababu ilikuwa nyepesi kubeba. Kulikuwa na maji, na mnyama. Basi ni yako sasa, itunze vizuri.

Sioni uchungu, usidhani. Ni kama kutoa vyombo mezani. Kila kikitoka, meza inakuwa pana. Leo nampa ya kuzaliwa kwako. Nimeiacha karibu na mwisho, na asubuhi hii nilikaa nayo peke yangu kabla hajafika. Ilikuwa theluji kama hii, na mkunga alichelewa, na baba yako alikuwa anaimba jikoni kwa woga. Uliponitazama hukulia. Ulikunja uso, kama mtu anayetaka kuuliza swali.

Amekuja. Ngoja nimkaribishe.

Mama yako


Lexington
Januari 4, 1987

Mama mpendwa,

Natumaini umeuanza mwaka na afya, na goti limekuachia. Mimi nimerudi salama.

Sijui utaisoma hii kama nani, nami naandika hivyo hivyo. Ulinipokea vizuri kuliko ulivyowahi kunipokea. Hapo ndipo nilipojua. Ulinitengea kikombe cha wageni, ukanipa paja la kuku, ukanisihi nisione haya, na baada ya kula ukanionyesha choo kilipo. Ukaniuliza, "Na kwenu huko, mko wangapi?" Nikasema wawili, mimi na mama. Ukasema, "Basi atakuwa anakuwaza, binti, na theluji hii." Rufus alikuwa juu ya miguu yako, ametoka chini ya nyumba. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Nilijua mgeni yule hatarudi tena, kwa sababu hakuna kilichobaki.

Mimi nina vyote. Mabega ya Baba, wimbo wake, kopo lilivyopoa. Na wewe, kila siku ya wewe. Nimejaa mpaka siwezi kulala.

Nilipotoka kwako nilitaka kuzichoma karatasi. Icy alinishika mkono pale darajani. Akasema, "Ukizichoma, amelipia nini?" Nikazituma siku ya mwisho ya mwaka.

Niandikie, Mama. Hata mstari mmoja.

Binti yako,
Twyla


Lexington
Aprili 6, 1987

Mama yangu,

U mzima? Posta inakuja, posta inakwenda. Icy ameniandikia kwamba una afya, umenenepa kidogo, na unaimba ukifua. Nimefurahi. Nimejitahidi kufurahi.

Aldersby wamenikubali. Watanisomesha bure, chakula na kitanda juu yao, miaka yote. Katika barua yao mtu ameongeza mstari kwa kalamu, kwamba hawajawahi kusoma maombi ya mtu anayejua wazi namna hii ametoka wapi.

Nilisimama na barua ile barazani kwa Shangazi, na sikuwa na mtu wa kukimbilia kumwambia ila wewe. Kwa hiyo nakwambia. Nimepata, Mama. Naenda.

Binti yako, bado, siku zote,
Twyla


Hazel Branch
Aprili 14, 1987

Bi. Twyla Maggard mpendwa,

Barua yako imenifikia. Natumaini hii nayo itakukuta salama wewe na wote unaoishi nao. Mimi sijambo kabisa. Ile miti ya maua meupe, sijui huko kwenu mnaiitaje, imeanza kuchanua ukingoni mwa kijito, na jirani yangu Icy ameshapanda viazi.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unaandika vizuri sana. Nilipofika pale chuo kilipokukubali nilipiga makofi peke yangu jikoni, nikajicheka, maana hata sikujui, ila kama wewe ndiye yule binti aliyepita hapa Krismasi. Furaha ya watu nayo huambukiza. Mimi niliacha shule darasa la sita na sielewi mengi ya vyuo, lakini kukusomesha bure si jambo dogo. Lazima una kichwa kizuri.

Lakini nadhani umekosea Maggard. Huku milimani jina hili tunalo wengi kama kunguru, na posta hutuchanganya. Mume wangu alikufa mgodini, Mungu amrehemu, na hatukujaliwa mtoto. Nilimwambia Icy nitakujibu hata hivyo, kwa sababu si vizuri mtu aandike habari njema kama hiyo isipate jibu. Nilipomsomea barua yako alitoka nje bila kuaga, akakaa kwenye ngazi na aproni usoni. Uzee, maskini. Siku hizi ananiambia mambo hata siyashiki.

Kuna chumba hapa kwangu chenye sweta na koti la msichana, sijui aliyeyaacha. Nimeyafua nikayakunja. Nasikia huko kaskazini baridi haina mchezo. Kama yatakufaa, niandikie kimo chako nikutumie, mimi hayanisaidii kitu.

Na huyo mama yako, mtafute umwambie. Usikate tamaa. Akina mama, hata nisiye mmoja wao najua, hulala sikio moja likiwa macho. Mimi nimenusurika na hilo. Nikiweka kichwa kwenye mto, nalala mpaka jua linaingia dirishani, na nikiamka hakuna kitu duniani ninachokihofia.

Safari njema, binti.

Orlena Maggard